Mafuta ya Mlangilangi kwenye Manyoya ya Paka

Mahabibo, Mahajanga
14 Oktoba 1962

Mpendwa mdogo wangu Rabiata,

Assalamu alaikum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji Hamidou, na kwamba kifua chake kimepumzika na vumbi la kiwanda cha sukari. Mama je, goti linamruhusu kusali amesimama? Sisi huku hatujambo, isipokuwa mimi nimekonda kwa hasira, na paka wako amekonda kwa viroboto.

Nasema paka wako kwa sababu ulimleta wewe, mdogo wa kuenea ndani ya kofia, mwezi ule tulipopandisha bendera yetu, nikampa jina Uhuru. Watu walicheka. Sasa wacheke zaidi: Uhuru anabebwa kapuni juu ya kigari cha pusipusi, mtu anayekivuta akihema mbele, mpaka Belobaka kwa mke mwenzangu Hachimia, kila zamu yake inapofika. Hachimia alilalamika kwamba panya wanamla mchele, na Elarif, mume ambaye kwangu hajawahi kusikia lalamiko hata moja, hilo alilisikia mara moja.

Unajua ngozi ya paka huyu. Chini ya weupe wake ni nyororo kama ya mtoto mchanga. Kiroboto mmoja akimuuma, hujikuna mpaka damu. Jirani alinishauri mafuta ya taa. Muuza dawa akanipa unga wa kunyunyizia kuta. Nilimwambia paka si ukuta, tena hujilamba. Unachompaka mgongoni huishia tumboni. Akaniuliza hayo nimeyasoma wapi. Nikamjibu kwamba nimesoma, inatosha.

Nilimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, nikamchana kwa kitana cha chawa, kila kiroboto nikimzamisha bakulini. Mashuka nikayachemsha, mikeka na magodoro nikayaanika, kwa maana mayai huanguka mkekani na kuanguliwa humo. Akapona. Akaenda Belobaka. Akarudi nao tena.

Mwezi uliopita alirudi na jambo jipya. Shingo ilikuwa nyekundu, manyoya yamenyonyoka, naye ananukia. Nikamnusa. Rabiata, yalikuwa mafuta yako ya mlangilangi. Ile chupa uliyonitumia Idi, iliyopotea hata nikawashuku watoto wa jirani, ilikuwa Belobaka.

Mimi niliyezoea kuwashambulia wakubwa kwa kalamu magazetini, siku ile kalamu haikunitosha. Elarif alikuwa kazini bandarini, bahati yake. Nilichukua sufuria, sabuni na kitana, nikaenda kwenye nyumba ambayo niliapa sitaikanyaga.

Hachimia alikuwa uani, uso wote umepakwa msindano, ule urembo wa msandali uliosagwa.

"Dada Koulsoum," akasema, "nilidhani siku ukija utakuja na panga."

"Panga lipo. Leo nimekuja na sufuria."

Nilimweleza kwamba nikisafisha nyumba yangu peke yangu, nachota maji kwa pakacha. Kisha nikamuuliza mafuta aliyompaka paka ameyapata wapi.

"Kanipa bwana. Alisema yametoka Paris."

"Yametoka Dzamandzar, kwa mdogo wangu."

Msindano ukapasuka shavuni. Nikadhani anajizuia kucheka, kumbe anajizuia kulia. Alimpaka paka akiamini harufu itafukuza viroboto, na alitumia kitu alichokithamini kuliko vyote alivyopewa. Hilo ndilo lililonichoma. Mimi niliiweka chupa ile kabatini bila kuifungua.

Tulifua, tukaanika, tukamwagia sakafu maji ya moto. Nilipomwosha Uhuru mafuta yale, Hachimia alimshika miguu, naye hakumkwaruza. Kisha akaniletea chupa. Usidhani nilikuwa mkarimu, niliichukua. Na paka, akichuruzika maji, akapita mbele ya paja langu akapanda la Hachimia. Mume nilijifunza kugawana naye, kwa sheria na kwa kuuma meno. Paka yule nilimlea kwa kijiko.

Sasa tumekubaliana: siku akioshwa hapa, mikeka ya kule inaanikwa. Wekundu umekwisha, manyoya yanaota. Elarif akisikia tunatumiana salamu kwa mvutaji wa pusipusi, hamu ya kula humwishia. Paris hajaitaja tena.

Nisalimie Mama, shemeji Hamidou, na shangazi Bahia, mwambie bado sijakubali kwamba alinishinda katika ubishi wetu wa mwisho. Mungu awafungulie riziki na awaepushe na homa za msimu wa mvua.

Mafuta usitume tena. Tuma vitana viwili vya pembe, vyenye meno ya karibukaribu, kimoja changu na kimoja cha Belobaka. Meno yawe mazuri kwa vyote viwili, kwa ajili ya paka. Lakini nakshi iwe kwenye changu tu.

Dada yako akupendaye, hata anapokasirika,
Koulsoum