Supu ya Mzee wa Majengo

Kiamaiko, Nairobi

Mama yangu,

Kifua kimekuachilia? Na Baba, bado anabishana na kuku wake? Sisi huku tunapumua tu. Nimejaa hasira, Mama, na nisipokuambia wewe nitapasuka.

Unajua mume wangu, Baba Shiru, anachinja mbuzi hapa sokoni. Kidole gumba cha mguu kilimvimba, hata shuka likikigusa analia. Mimi na wenzake tukampeleka Majengo, kwa mzee mmoja anayeuza dawa za mizizi. Mzee akambonyeza goti, akasema, "Mafuta ya viungo yameisha. Kunywa supu ya figo na maini, asubuhi na jioni, na unga wangu juu."

Figo kwa mchinjaji ni za bure, Mama. Akanywa kama maji. Kidole kikazidi kuvimba, na mzee akasema hiyo ni dawa inapigana na ugonjwa, aongeze.

Sasa Baba Shiru amepigwa na kiharusi. Mkono wa kulia umekufa, mdomo umeenda upande. Daktari wa kliniki alipima damu, akasema ana gauti: asidi ya yuriki imejaa mwilini, na figo na maini huizidisha. Tena haiishii kwa kidole. Mara nyingi huandamana na presha, na magonjwa ya moyo na mishipa ya damu. "Siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyomwangusha," akasema, "lakini ile supu haikumsaidia hata kidogo." Mimi naapa, Mama!

Jumamosi nikafunga leso kiunoni, nikaenda Majengo kumwaibisha yule mzee mbele ya wateja wake. Nikamkuta peke yake, kiatu kimoja amevua. Kidole gumba kimevimba, chekundu, kinang'aa. Sufuria ya supu yake ile ile ya figo iko kando inachemka.

"Mama Shiru," akasema, "baridi imeniingia kwa mifupa. Hebu nisaidie kikombe kimoja hapo."

Matusi yote niliyobeba yakanipotea. Ule ugonjwa niliujua. Ningeweza kumwambia tu aache supu, aende kliniki.

Nikamchotea, nikajaza mpaka juu. "Kunywa, mzee. Ugua pole." Akanishukuru, tena akanibariki.

Usiniambie nimsamehe. Kesho nampelekea figo mbichi.

Msalimie Baba, na kaka yangu mkubwa, na shangazi akija. Pasta mwambie amwombee Baba Shiru. Mimi asiniombee kwanza, bado sijamaliza.

Binti yako,
Wambui