Ukungu kwenye Kioo cha Mjomba

Jumatatu, 5 Agosti

Mjomba kaleta gari. Shule zimefungwa, zitafunguliwa tarehe kumi na tisa, na anataka kioo cha mbele kiwe safi kabla ya hapo. Ndiye anayewapeleka shule watoto sita wa mtaa wetu kila asubuhi. Wa sita ni kitinda mimba wangu. Anasema kioo kina ukungu, akielekea jua haoni kitu.

Nimekikagua. Ni kilekile gari lilichotoka nacho kiwandani, na gari lenyewe lingekuwa mtu lingeshakuwa na wajukuu. Alama za maji pembeni, zimeganda kama chokaa. Utomvu wa mti. Lami kidogo kwa chini. Na upinde wa waipa — mpira uliisha, chuma kikawa kinakwaruza kioo, mwenyewe anasikiliza redio. Hakuna jipya. Siku mbili, imekwisha.

Jumatano, 7 Agosti

Utomvu na lami vimetoka kwa wembe na mafuta ya taa. Alama za maji zimegoma. Siki haikuzitoa, nikaingia na mashine: pedi ya sufi, ule unga wa kung'arishia uliokorogwa mzito kama uji, na maji ya kunyunyiza kila mara ili kioo kisipate moto. Upinde wa waipa umekwenda wote. Kucha inateleza kutoka pembe hadi pembe. Hiyo ndiyo sheria ya kazi hii: kucha ikinasa sana, mkwaruzo ni wa ndani, uache. Isiponasa na jicho halioni kitu, usiguse. Gereji nzima inaniita Kucha kwa ajili hiyo.

Saa kumi Mjomba akaja, akakaa kwenye usukani. Umejitahidi mwanangu, akasema, ila hapa mbele yangu ukungu bado upo. Nikafuta. Bado. Nikakaa mimi alipokaa yeye. Sikuona kitu.

Nikamwambia nitarudia. Sijui kwa nini nilisema hivyo.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimesugua pasipo na kitu. Dakika arobaini mahali pamoja. Ningemwona mwingine anafanya hivyo ningemnyang'anya mashine.

Lakini ni Mjomba. Baba alipokataa mtoto wa kike kushika spana, yeye ndiye aliyesema mwacheni, spana haiulizi. Sasa leo nimwambie hakuna ukungu? Nimwite mwongo?

Kaka kapita, kaniuliza nasugua nini, jini? Nikamwambia ashughulike na injini zake.

Jumamosi, 10 Agosti

Mjomba kaja tena. Kwanza kasema afadhali. Kisha kasema ukungu umehamia juu. Jumatano ulikuwa chini, leo uko juu.

Mikwaruzo haihami. Nilijua palepale.

Nikauliza kwa upole, mjomba, macho ulipima lini? Akacheka. Nakuona hata umekonda, akasema. Kisha kicheko kikakatika. "Macho yangu yananitosha. Wewe fanya kazi ya kioo." Hajawahi kunisemesha hivyo tangu nizaliwe. Nikasema ndiyo, mjomba. Nikainamia ndoo kama mtoto aliyevunja sahani.

Jumapili, 11 Agosti

Wakati wa chakula mwanangu anatusimulia michezo yao kwenye gari la Babu — ndivyo wanavyomwita wote. Mmoja ni wa taa za barabarani. Babu huuliza: nani wa kwanza kuona taa imekuwa kijani? Anayewahi kusema ndiye anayekaa mbele kesho yake. Kitinda mimba wangu ndiye bingwa. Wiki nzima kabla ya likizo alikaa mbele yeye.

Nilimwambia ale. Mimi sikula.

Jumanne, 13 Agosti

Jana nimesugua tena. Ndiyo. Mimi, mtu mzima.

Leo nimekaa kwenye usukani nikatazama nguzo ya umeme ng'ambo ya barabara. Nikasogeza kichwa kidogo. Nguzo ikapinda. Nikarudisha kichwa, ikanyooka. Nimechimba bonde kwenye kioo, palepale linapotua jicho la dereva. Miaka kumi na tano ya kazi, na kosa la mwanafunzi wa wiki ya kwanza.

Kioo kilikuwa kizima. Ubovu huu nimeutia kwa mikono yangu, kwa adabu.

Na niandike ukweli, hapa hakuna anayesoma: nilifurahi. Kidogo tu. Nikasema sasa nina sababu ya kulizuia gari bila kugusa habari ya macho. Kisha nikaona aibu, nikaenda kunawa uso.

Alhamisi, 15 Agosti

Nimemweleza Kaka yote. Anashauri tumwambie Mjomba kioo kimeharibika, tunatafuta kingine. Cha gari lile hakipatikani, miezi itapita, mzee atazoea kutoendesha mwenyewe. Hakuna atakayevunjiwa heshima. Na watoto je, nikauliza. Watatembea, miguu wanayo.

Nikamwambia mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema sawa, basi kamwambie wewe. Akarudi chini ya gari.

Jioni nikaenda. Mjomba hayupo, kaenda kutembea. Mke wake kanikaribisha jikoni, na kabla sijafungua mdomo akasema kwa sauti ya chini kwamba siku hizi kikombe cha mumewe anakiweka kwenye sinia, maana mzee anamimina chai pembeni. Akanisihi nisiseme nimesikia kwake. Tangu lini? Tangu kabla ya mvua, akasema. Akageuka akaanza kuosha vyombo ambavyo tayari ni safi.

Kumbe sote tunamficha Mjomba habari zake mwenyewe. Nimerudi nyumbani nimemkasirikia kila mtu, nikianza na mimi.

Jumamosi, 17 Agosti

Naandika stoo.

Asubuhi tumekitoa kioo, mimi na Kaka. Mpira unaokishika tumeuchomoa taratibu, kioo tumekilaza hapa juu ya blanketi. Nilishaamua: akija nitamwambia yote mawili. Bonde langu kwanza, macho yake baadaye. Nilimpigia simu kwamba gari haliko tayari, asihangaike kuja leo.

Kaja hivyohivyo, kwa miguu. Nilikuwa bombani nanawa, nikasikia mlango wa gari. Nilipofika ameshakaa kwenye usukani, ndani ya banda, penye kivuli. Shikamoo, mjomba. Marahaba, mwanangu. Nikavuta pumzi nimwambie kioo kiko stoo.

Akaniwahi. "Leo umeniweza," akasema. "Kimekuwa safi. Pamebaki hapa tu, pana ukungu kidogo."

Akatoa kitambaa mfukoni akainama kufuta.

Mkono ukapita. Hadi kwenye kiwiko, nje, juu ya boneti. Akabaki hivyohivyo, mkono hewani, kitambaa kinaning'inia. Kaka akazima mashine. Mimi nilisimama na maji yakinidondoka vidoleni.

Akaurudisha mkono. Akakikunja kitambaa mara nne, vizuri, akakitia mfukoni. Akauliza kioo kiko wapi. Nikasema stoo, mjomba, tangu asubuhi. Akasema aha.

Kisha akaniambia njoo ukae hapa karibu yangu. Nikasema nakuja — nikakimbilia huku. Hapa kwenye blanketi kioo chake kinang'aa, kizuri kabisa kwa asiyejua. Mlango nimeuacha wazi, namwona. Mikono yote miwili iko kwenye usukani. Kaka kampelekea maji, hajayapokea.

Ananiita. Hafoki. Ningeomba afoke.

Anauliza tangu lini tunajua.

Anauliza tena. Nimelishika daftari hili, siku zote zimeandikwa humu na tarehe zake, na sijui nimtajie ipi. Nasikia mlango wa gari unafunguka. Anakuja huku, anapapasa