Hesabu za Kurudi Jana

Jumatatu, 6 Februari 1989

Wiki mbili. Labda tatu. Daktari alinijibu huku akitazama dirishani, utadhani nimemuuliza kuhusu theluji. Gleb hajaambiwa, lakini mume wangu si mjinga — ameniomba nimpelekee hospitalini saa yake ya mkononi. Ya nini? Eti anataka kuichunga isikimbie!

Nimerudi nyumbani nikatoa makaratasi. Miaka kumi na tisa nimefundisha fizikia ya uvutano hapa Moscow, na wanafunzi wakiniuliza kama mtu anaweza kurudi jana nilikuwa nacheka. Sicheki tena.

Jumatano, 8 Februari

Milinganyo haikatazi. Inaruhusu tundu — njia ya mkato angani, mlango mmoja leo, mwingine mwaka juzi. Tatizo ni kwamba tundu hujifunga kabla hata mwanga haujapita. Kulishikilia wazi kunataka nishati hasi, na hakuna aliyewahi kuipata hata ya kujaza kijiko. Isitoshe, tundu la kutengenezwa halikurudishi nyuma ya siku lilipotengenezwa. Halinifai! Nataka la asili, lililokuwepo tangu mwanzo, linalosimama lenyewe. Likiwepo moja tu, popote pale, basi siku za Gleb hazijapotea. Zipo, zinafikika.

Nimemweleza akila uji. Na ukinifikia utanifanya nini, akauliza. Nitakuburuta kwa daktari siku ulipoanza kukohoa! "Sitaenda," akasema. "Unanijua." Karibu nimpige kwa kijiko.

Jumamosi, 11 Februari

Imetoka! Nishati inayotakiwa imetoka chanya, ya kawaida! Nimerudia mara tatu. Tundu likizunguka kwa kasi ya kutosha linajishikilia lenyewe. Nimelia pale pale mezani, maziwa yakafurika jikoni, yafurike tu.

Nimempigia simu Zinovy Markovich, mkuu wa semina yetu. Akanisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Rimma Arkadyevna, mara ya mwisho ulilala lini?" Lakini amenipa nafasi ya kuwasilisha. Alhamisi, saa kumi.

Saa kumi! Wagonjwa wanaonwa saa kumi hadi kumi na mbili.

Jumanne, 14 Februari

Gleb amesinzia katikati ya neno. Mkono wake umekuwa mwepesi, nauogopa.

Alipozinduka nikamwambia Alhamisi nitachelewa. Nenda, akasema. Halafu: "Ajabu yako, Rimma. Unahangaika kutafuta njia ya kunirudia, na mimi sijaondoka." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi. Nimeona aibu mpaka masikioni.

Lakini nitakwenda. Ni jioni moja tu. Nikithibitisha hili nitakuwa na jioni zote!

Alhamisi, 16 Februari

Naandika nimesimama, ukumbi wa chini hospitalini. Mikono isipokuwa na kazi nitapiga mayowe.

Semina yetu haina huruma. Yeyote anaweza kumkatiza msemaji, na mstari wa hesabu usiokubaliwa na wote hauvukwi. Nimekwama kwenye mstari wa nne saa nzima. Kisha Zinovy Markovich akajikongoja hadi ubaoni. Huu umeutoa wapi, akaniuliza. Kwenye makala ya Wamarekani. Na huu wa juu yake? Wa kwetu. Akaweka chaki chini.

Sisi muda tunaupa alama ya kujumlisha, na nafasi, yaani urefu, upana na kina, alama ya kutoa. Wao kinyume. Ukichukua kwao lazima ugeuze. Kila mwanafunzi huonywa — na mimi ndiye ninayewaonya! Nimechanganya alama za kwao na za kwetu ndani ya hesabu moja, mimi, kama mtoto. Ukizinyoosha, nishati inayotakiwa ni hasi, ile ile isiyopatikana. Tundu linajifunga.

Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka. Zinovy Markovich akanifuata hadi mlangoni. "Hujathibitisha kwamba haiwezekani," akasema. "Umethibitisha tu kwamba wewe hujaiweza." Tayari nilikuwa nakimbia.

Nimefika saa kumi na mbili na dakika nne. Nne! Mama anayepokea makoti alikwisha funga kidirisha chake, na bila kumwachia koti hakuna anayepanda juu. "We mama, huna saa? Njoo kesho!" Nimemsihi. Orofa ya tano, mume wangu, dakika tano tu. "Wote mnasema tano! Hapa si sokoni!" Nimemtajia jina la Gleb, nimelitaja tena, nimegonga kioo. Akanyakua simu kwa hasira, awapigie wauguzi wa juu wanikatalie, mwenyewe nisikie.

Anasikiliza. Anasema ndiyo. Anasema ndiyo tena, kwa sauti ya chini. Amenipa mgongo.

Sasa amefungua kidirisha. Amenyoosha mikono yote miwili. "Lete koti, dada yangu," ananiambia. "Panda pole pole. Hakuna haraka."

Mbona hakuna haraka?