Hereni ya Ndama

Nyumbani,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mpendwa Shangazi,

Kuna jambo sijamwambia mtu, nalitanguliza kabla sijaogopa: nikipiga mswaki natema damu, na mapajani nina mabaka ya zambarau ambayo sijui nilijigonga wapi. Sasa shikamoo. Mgongo wako unaendeleaje? Sisi hatujambo, ukiniondoa mimi kidogo.

Ng'ombe wetu mwekundu amezaa jike. Baba, kwa furaha, alimvalisha hereni ya namba siku ileile. Tundu lenyewe dogo tu, lakini sikio lilidondoka damu mpaka jioni. Daktari wa mifugo alimfunua fizi na tumbo, akatuonyesha vidoa vyekundu kama vichwa vya pini, kisha akachukua damu kwenda kuipima. Majibu yakaja leo asubuhi: chembe sahani, zile zinazogandisha damu, ni chache mno. Kazaliwa nazo hivyo.

"Kwani nimemlisha nini mama yake?" baba akauliza.

"Hukumlisha kitu, mzee. Haya ni ya ukoo. Mzazi huyabeba na asiumwe."

"Basi ukoo huo uishie hapahapa. Kesho namwita mchinjaji." Akanigeukia. "Na wewe usimtazame hivyo, si mdogo wako."

Mimi ndiye nilikuwa nimeshika kamba, soksi nimezivuta mpaka magotini. Vidoa kama vile ninavyo vifundoni.

Biolojia tunafundishwa kwa lugha ya shule. Kwa lugha hiyo ningeyasema haya haraka, maana maneno yake hayanijui. Kwa hii yetu kila neno linanikodolea macho.

Nakuandikia wewe kwa sababu bibi alisimulia kwamba ulipong'olewa jino ulitoka damu kutwa, watu wakasema unadeka. Je, uliwahi kupimwa? Niambie ukweli hata kama ni mchungu.

Najua baba hawezi kuniitia mchinjaji. Ninachoogopa ni uso wake atakapogundua kwamba ukoo unaosemwa safari hii ni wake.

Ndama bado ananyonya, hana habari.

Nisalimie binamu zangu wote, hasa yule atakayejifungua karibuni. Mungu akuepushe na kila chenye ncha.

Nasikia ndara za mama zinakuja. Hapa ndipo huwa navuta atlasi nikafunika ninachoandika. Leo naiacha ilipo, na karatasi nimeielekeza mlangoni.

Mwanao akupendaye,
Kimya