Taa Ndani ya Spika ya Mwalimu Castory

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kasulu. Jumanne, tarehe 17 Juni 2014, saa 3:20 asubuhi.
Jina: Pasikali Bazilio. Umri: miaka 43. Kabila: Muha. Dini: Mkristo. Kazi: fundi redio. Makazi: Heru Juu. Kibanda changu cha kazi kipo Kasulu mjini.

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Sikuitwa na mtu, nimekuja mwenyewe, na nilipaswa kuja tangu juzi.

Mnamo tarehe 8 Mei 2014 Mwalimu Castory, anayefundisha sekondari na aliyehamia hapa akitokea Mbinga, aliniletea spika mbili za redio yake ya nyumbani. Zile spika ndogo za juu, sisi mafundi tunaziita twita, zilikuwa zimeungua kwa mara ya tatu. Nilimwambia asifungulie sauti hadi mwisho. Akajibu, "Fundi, redio nimenunua nisikilize, siyo ininong'oneze."

Mimi kitu kikiungua situlii hadi nijue kimeunguaje. Nilizipasua zile twita kwa wembe, nikakuta waya mwembamba kama unywele umekuwa mweusi. Nikajiuliza, huu umeme uliozidi, je, ukipewa kazi nyingine njiani? Nilikwenda kwa Abbasi, fundi pikipiki, nikaokota balbu mbili za indiketa, zile za rangi ya machungwa. Nikaunga balbu moja kwenye waya wa kila twita, ndani ya boksi. Sauti ikiwa ya kawaida, balbu haiwaki. Sauti ikizidi, balbu inawaka, inakula ule umeme, na twita inapona. Nilifungulia hadi mwisho kwa saa nzima na hakuna kilichoungua. Nilicheka peke yangu kibandani kwa furaha.

Mwalimu nilimwambia tu kwamba nimeweka kinga. Sikumwambia ni kinga gani, kwa sababu mafundi wa stendi wakijua leo, kesho kila mmoja atasema yeye ndiye aliyegundua.

Mnamo tarehe 15 Juni 2014, siku ya Jumapili, nilikuwa nyumbani kwa Mwalimu, Heru Juu, kwenye sherehe ya kipaimara ya binti yake Winnie. Redio ilikuwa sebuleni na mapazia yamefungwa kwa sababu ya jua. Jenereta lilikuwa nyuma ya nyumba, na sisi wageni tulikaa nje chini ya turubai. Ildefonsi Ndayisaba, mkulima na jirani wa Mwalimu, ndiye aliyekuwa akiwanawisha wageni mikono kwa jagi na beseni.

Saa tisa na nusu alasiri Mwalimu alifungulia sauti hadi mwisho. Ildefonsi alikuwa anaingia sebuleni kuwanawisha watoto. Nikamsikia akipiga kelele, "Umuriro! Umuriro!" yaani moto. Nilitazama mlangoni, nikaona tundu la mbele la spika ya kushoto linatoa mwanga wa machungwa, unapanda na kushuka kwa kufuata ngoma. Ildefonsi alimimina jagi zima mle tunduni. Spika ikakoroma, kisha ikanyamaza.

Mwalimu alimkunja shati. Akasema, "Wiki iliyopita ulikuja kwangu kulalamikia kelele. Leo umepata nafasi yako."

Ni kweli alilalamika. Mama yake alikuwa ametoka kulazwa hospitali ya Kabanga na hakuwa anapata usingizi. Ildefonsi alijibu, "Mwalimu, watoto walikuwa humo ndani."

Mgeni mmoja akasema watu wa kuja hawana shukrani. Wazazi wa Ildefonsi ndio waliotoka Burundi, yeye amezaliwa hapa hapa. Mwalimu mwenyewe ana miaka miwili tu Kasulu, na hakuna aliyemwita mtu wa kuja.

Mimi nilikuwa na paja la kuku mkononi. Nilijua ule mwanga ni wangu, na sikusema. Niliona haya, na niliogopa itasemwa kwamba fundi ndiye mharibifu. Saa kumi na moja jioni polisi walimchukua Ildefonsi. Amelala hapa siku mbili kwa ajili ya balbu yangu, na mama yake anauguzwa na majirani. Jambo hili linaniuma sana.

Spika ya kulia ipo hapa kituoni pamoja na redio, na ndani yake kuna balbu kama ile. Naomba iwashwe, ifunguliwe hadi mwisho, afande ajionee. Spika iliyolowa nitaitengeneza mimi.

Nimesomewa maneno yangu nami nayakubali yote, pamoja na yale yanayoniaibisha.

Sahihi: P. Bazilio

MAELEZO YA MWANDISHI
Nimeyaandika haya mimi, WP Koplo Zena, kama shahidi alivyotamka. Saa 4:45 asubuhi spika ya kulia, kielelezo B, iliwashwa katika chumba cha maelezo mbele yangu na shahidi, dirisha likiwa limefungwa. Sauti ilipofika mwisho, mwanga ulionekana kama alivyoeleza. Wakati huo aliingia Konstebo Kipriani, aliyekuwa nje na hakuwa amesikia lolote. Kabla sijamzuia, alichukua ndoo ya mchanga ukutani akaimwaga yote kwenye spika. Kielelezo B hakifanyi kazi tena.

Konstebo Kipriani anaendelea na zamu yake kama kawaida. Jalada nimelipeleka kwa Mkuu wa Kituo, na nimeomba Ildefonsi Ndayisaba aachiwe leo.