Niliapa kwa Ajili ya Jiko la Jua, Sasa Nyumba Haina Moto

Malindi, 1 Mei 1986

Shikamoo Bi Shekha. Nakuandikia kwa haya, maana jambo hili siwezi kumweleza mtu wa hapa mjini bila kuchekwa, na wanaonicheka tayari wamenitosha.

Mimi ni karani wa stoo katika hoteli moja ya ufuoni, na mwezi wa Februari Mjerumani mmoja aliyekuwa akirudi kwao alinipa jiko la jua, karai kubwa la bati linalong'aa kama kioo, unalielekeza juani na mwanga wote unakusanyika chini ya sufuria na maji yanachemka bila kijiti cha kuni, na wallahi Bi Shekha yanachemka, nimeyapima kwa saa, dakika ishirini na tano, na wali unaiva kwa saa moja na nusu ikiwa hakuna wingu na ikiwa yupo mtu wa kuligeuza karai kila robo saa kulifuata jua, na mtu huyo ni mke wangu, ambaye mwanzo alilalamikia macho lakini akazoea.

Basi jioni moja barazani, Kioko, Mkamba anayeuza makaa kule Muyeye, akasema mbele ya watu kuwa jiko langu ni la kuchezea, halichomi chapati, halipiki na mawingu, na binadamu hula chakula cha usiku, nami nikamwambia huo ni wivu wa muuza makaa, yeye akacheka, watu wakacheka, damu ikanipanda, nikasimama nikaapa: "Moto wowote ukiwashwa tena ndani ya nyumba yangu, mke wangu ameachika."

Habari ilifika nyumbani kabla yangu, nikamkuta mke wangu amekwisha kuiosha seredani yake ya makaa na kuitia uvunguni, wala hakugomba, aliniuliza tu kama taa ya chemni ni moto au si moto, na tangu siku hiyo jua likitua tunakaa gizani, ubani hafukizi, na sigara yangu naivutia barabarani kama mtoto anayejificha.

Sasa masika yameingia, siku nne hatujaliona jua, maharagwe tuliyoyateleka Jumatatu tumeyamwaga Jumatano, watoto wanakula kwa dada yake mke wangu na mimi nakula hotelini, na Ramadhani imebakia siku tisa, futari haijulikani itapikwa wapi, na daku ndiyo usiseme. Juzi mke wangu ameniambia: "Mwezi ukiandama na moto haujawashwa, nakwenda kwetu Mambrui na watoto. Ukiuwasha, nakwenda vile vile."

Nampenda, Bi Shekha, tumekaa miaka kumi na mmoja. Lakini jiko lenyewe ni zuri na kiangazi kikirudi itaonekana. Je, nifanyeje asiondoke, na Kioko naye asipate la kusema?

Mwenye Jiko

*

Marahaba, Mwenye Jiko. Barua yako imenichekesha mpaka nikavua miwani, kisha nikafika ulipomtaja mkeo na kicheko kikakatika.

Tuanze na jiko, kwa kuwa ndilo linalokuuma zaidi. Halina kosa. Jua la Malindi la mwezi wa Januari linaivisha wali bila shida, na mama anayetembea kutafuta kuni kule Junju angelipokea kwa furaha. Hata mimi ningelitaka la kupikia mchana. Lakini Kioko naye alisema kweli, na kweli haiharibiki kwa sababu aliyeisema anauza makaa. Mtu mwenye akili angeliweka karai uani na seredani jikoni, akatumia hili leo na ile kesho. Tena huo wali wako unaiva kwa miguu ya mkeo, anayesimama juani saa moja na nusu huku wewe umeshika saa.

Sasa kiapo. Bwana we, ulikuwa na vitu vingi vya kuapia: kofia yako, kazi yako, hilo karai lenyewe. Ukamchagua mtu ambaye hakuwapo na wala hakusema neno. Mimi jambo hilo limenitia hasira, na sikufichi.

Kama kiapo chako kina njia ya kutoka au hakina, usiniulize mimi, mimi si kadhi. Kesho asubuhi nenda kwa kadhi, umweleze maneno uliyoyasema kama ulivyoyasema, wala usimpigie hadithi za Mjerumani. Kabla hajakuhukumu usiwashe hata kibiriti ndani, na usimshawishi mkeo awashe yeye ili lawama iwe yake, maana naona wazo hilo limekwisha kukupitia. Chakula cha hotelini kiache, ukale wanapokula watoto wako, kama shemeji yako atakukaribisha. Jioni nenda barazani wakiwa wamekaa wale wale, useme Kioko alisema kweli na wewe ulikosa kumtia mkeo katika ubishi wenu. Watakucheka. Kaa hapo hapo mpaka wamalize.

Halafu rudi nyumbani. Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomuuliza mkeo yeye anataka nini, na sikupaona. Muulize. Kisha ufunge mdomo umsikilize, hata kama jibu lake ni kwamba mwezi uandame usiandame, yeye anakwenda Mambrui.

Bi Shekha