Michoro ya Ziwa Kisiba

Bulyaga, Tukuyu
6 Machi 2005

Kaka Ambwene,

Ugonile. Huku tu wazima, mama tu ndiye anakohoa kwa ukungu huu, ila chai bado anachuma. Wewe na wanao hamjambo?

Kila Jumamosi nawapeleka wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili kwenye duka la intaneti pale stendi. Kuna programu za bure za kuchorea, na mahali pa kufungua tovuti bure. Wanaandika hadithi ya ziwa Kisiba kama bibi zao wanavyoisimulia. Atupokile, ambaye darasani hanyanyui mkono, ndiye mchoraji. Wenzake husimama nyuma yake wakimtazama. Wewe una kituo cha kompyuta. Nishauri.

Mdogo wako,
Sekela

Sinza, Dar es Salaam
2 Aprili 2005

Mdogo wangu,

Salamu nimepata. Mama aende hospitali, aache kunywa dawa za majani.

Shauri langu ni kwamba uache. Vitu vya bure ni takataka za wenzetu. Watoto wa migombani, Kiingereza kinawapiga chenga, leo unawaita wabunifu? Wafundishe kupalilia chai, itawafaa. Ila nitumie anwani ya hiyo tovuti, nipate kucheka.

Kaka yako

Bulyaga
18 Julai 2005

Kaka,

Habari za siku nyingi. Mama amepona. Nilikutumia anwani ya tovuti tu, bila barua, nisije nikakujibu kwa hasira.

Wiki mbili zilizopita wanafunzi walitafuta habari za Kisiba, ikafunguka tovuti ya kituo chako. Michoro yote ya Atupokile imo, na chini umeandika: "Kazi ya wanafunzi wetu." Jina lake umelifuta. Aliitazama, akaonyesha jina lako, nililowahi kuwatajia, akaniuliza, "Mwalimu, huyu si kaka yako?" Nikasema ndiye. Akatoka nje, na tangu hapo haji shule.

Rudisha jina lake.

Sekela

Sinza
9 Agosti 2005

Sekela,

Natumaini mama anaendelea vizuri. Wewe unakuza mambo. Wafadhili walikuwa wanakuja na vijana wangu hawakuwa na cha kuonyesha. Huko Tukuyu nani angeitazama? Nimeipa heshima. Mnunulie huyo binti soda, yataisha.

Kaka yako

Bulyaga
30 Agosti 2005

Ndugu Ambwene,

Mama mzima, anakusalimu. Salamu hizo ni zake.

Nilikwenda Nkunga, kwao Atupokile, nikamsomea barua yako jikoni mbele ya mama yake. Sikuruka neno, hata hilo la soda. Atupokile akacheka. "Kumbe huko Dar hawana hata mtu wa kuchora," akasema. Jumatatu akarudi shule.

Darasa zima limewaandikia wafadhili wako barua pepe, kwa anwani iliyo kwenye tovuti yako, na kuambatanisha michoro kama ilivyokuwa kabla hujafuta jina. Sikuwasaidia hata sentensi moja. Jana wamejibiwa, na jibu limeanza kwa kumsalimu Atupokile.

Wewe usinijibu mimi. Waandikie wanafunzi wangu.

Sekela,
Mwalimu wa Kidato cha Pili